Risala ya Wauguzi, Wakunga na Matabibu wa Malindi kwa Mgeni wa Heshima: Ushahidi wa Utafiti Ufike Wodini

Mheshimiwa mgeni wa heshima, wasimamizi wa hospitali na zahanati zetu, wazee wa mitaa, wanafunzi wa uuguzi na wageni waalikwa, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, tunawasalimu nyote, na wewe mgeni wetu tunakukaribisha Malindi.

Sisi ni wauguzi, wakunga na matabibu ambao hukutana baada ya zamu kusoma matokeo ya utafiti wa tiba, kuyapima, na kuyalinganisha na yale tunayoyafanya kila siku. Tumekuomba uje kwa sababu tuna neno moja: ushahidi upo, na mwingine umepatikana hapa hapa kwetu, lakini kazi ya kuutoa kwenye karatasi hadi kitandani kwa mgonjwa haina mwenyewe.

Kaunti yetu ya Kilifi si ngeni katika mambo haya. Kituo cha utafiti cha KEMRI, yaani taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kimekuwapo tangu 1989, na majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanywa huku miaka ya 1990 yalionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa takriban theluthi moja. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana nje ya wodi ni la dripu. Utafiti ulioongozwa kutoka Kilifi uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliolazwa kwa homa kali huku damu yao haizunguki vizuri, ukapima desturi iliyokubaliwa katika miongozo, ya kuwapa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yaliwashangaza mabingwa: katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji hayo walifariki 10 hadi 11, na kati ya wasiopewa walifariki 7 hivi. Wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo, kwa hiyo asidhani mtu kwamba dripu imepigwa marufuku. Kulivusha tokeo nje ya mipaka yake ni hatari sawa na kulipuuza. Tena uzoefu wa daktari mmoja, hata awe hodari vipi, usingeligundua jambo hilo, maana watoto waliomiminiwa maji walionekana kupata nafuu mapema.

Mheshimiwa, ushahidi hauhusu dawa pekee, bali pia jinsi kazi inavyopangwa. Katika utafiti uliochapishwa 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wakunga walipima damu inayomtoka mzazi baada ya kujifungua kwa mfuko wenye alama badala ya kuikadiria kwa macho, na damu ilipozidi walitoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo waanze jingine. Kutokwa damu kwingi mno, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Matibabu yenyewe yalikuwa yakijulikana zamani. Kilichobadilika ni kipimo na mpangilio.

Kwetu sisi mpangilio ndio mgumu. Mwongozo mpya huja ukakaa ofisini, na muuguzi mgeni hujifunza kwa kumtazama mwenyeji, naye mwenyeji alifundishwa kabla mwongozo haujabadilika. Rejista zinajazwa kwa bidii, zinapelekwa juu, na hazirudi na jibu lolote. Watafiti nao, si wote, huchukua takwimu zetu na damu ya watu wetu, kisha matokeo tukayasikia kwa mbali.

Kwa hiyo tunaomba muda wa kusoma na kujadili uwekwe ndani ya saa za kazi, kwani anayelinda wodi peke yake usiku kucha hawezi kudaiwa usomaji asubuhi. Tunaomba karani wa kumbukumbu atakayetuhesabia kila mwezi kama tunafuata miongozo na wagonjwa wanaendeleaje. La tatu, nalo ndilo tunalolisisitiza zaidi, utafiti wowote unaoruhusiwa katika vituo vyetu uwe na sharti la kuleta matokeo yake kwa wahudumu na kwa wanakijiji walioshiriki, kwa Kiswahili au Kigiriama, yawe mazuri au mabaya.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza, na sasa tunakukaribisha uzungumze nasi.

Ni sisi wauguzi, wakunga na matabibu wa Malindi.