Mwaju hajasahau jiko

Kitongoni, Ujiji
Jumapili jioni

Kwako Mama Rehema, Isevya, Tabora.

Assalaam aleikum, shoga yangu. Huku sote wazima, mguu wa Baba Shaa unaendelea vizuri, watoto wanakuamkia, na Bi Zuhura anasema marahaba, salamu zako zilimfika. Usinilaumu kwamba nilipita Tabora kimyakimya. Basi liliingia hapo stendi usiku wa manane, abiria wote wamelala, na dereva hakutupa hata nafasi ya kushuka kunywa chai.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simuni salio hukatika katikati ya neno, na jambo hili nataka ulipate lote. Ni la Mwaju. Yale uliyomwambia Bi Zuhura kwenye arobaini ya Mzee Rajabu, kwamba mji umemharibu mwanawe, hapiki, anakula barabarani kama mtu asiye na kwao, yamemkaa yule mama kifuani. Kabla sijasafiri aliniita chumbani kwake, akanipa mwiko mpya na kawa nimpelekee, akasema, "Kaangalie jiko lake kwa macho yako, uje uniambie kweli." Basi nimekaa na Mwaju wiki nzima. Nimekula anapokula, nimepika jikoni kwake. Niliyoyaona ni mengine kabisa.

Yeye anakaa Tabata Kimanga, huko Dar es Salaam, na kazi yake iko Posta. Saa kumi alfajiri yuko macho, kumi na moja yuko kituoni, kwa maana akichelewa kidogo tu foleni ya Buguruni inamshika na bosi hataki kusikia habari za foleni. Jioni akiwahi sana kufika kwake ni saa mbili kasoro. Sasa wewe mwenzangu, saa hizo umeshakula, umeshaosha vyombo, uko barazani na Mama Sikitu. Yeye ndio kwanza anavua viatu. Achague mchele saa ngapi? Maharage yaive saa ngapi?

Siku ya kwanza alinipokea stendi ya Mbezi, na tulipofika mtaani kwao tukakaa kwenye benchi la kijana wa chipsi. Yule kijana ana mkono mwepesi: anapiga mayai, anamwagia juu ya chipsi, anafunika kwa sahani, anageuza, tayari. Kachumbari pembeni, pilipili, tukala watu wakitupita magotini. Ni chakula kitamu, sitasema uongo. Tulipoingia ndani nikaliangalia jiko kama nilivyotumwa. Safi. Masufuria yamefunikwa kitambaa, mtungi wa gesi upo lakini ukiuinua ni mwepesi, na ndani ya friji maji, ndimu na nusu papai.

Wewe ulisema barabarani. Ngoja nikueleze hiyo barabarani yenyewe. Hatua chache kutoka mlangoni kwake kuna mama lishe mmoja, mtu wa Tanga, wanamwita Mama Nasra. Wali wake haushikani, maharage ameyaunga kwa tui, mchicha haujachemka mpaka ukafa. Mwaju akitokeza tu pale kwenye kona, Mama Nasra ameshashika sahani. Anajua kwamba hali nyanya chungu, anamwekea ukoko pembeni kwa sababu anaupenda, na mwezi ukiwa mrefu anaandika kwenye daftari mpaka mshahara uingie. Mwaka jana Mwaju aliposhikwa na malaria kali, sisi huku hatukujua, wewe hukujua, mama yake hakujua. Mama Nasra aliona jioni ya pili mteja wake hajaja, akamtuma Nasra aende kugonga mlango, na kuanzia hapo uji ulikuwa unapanda asubuhi na mchana mpaka mtu akasimama. Mwaju alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida tu, mimi nikashindwa kumeza. Huyo ndiye tunayemwita barabarani?

Halafu kuna hesabu. Niliifanya mwenyewe, unajua mimi na hesabu. Sahani ya wali maharage na mboga pale ni 2,500, ukitaka samaki unaongeza. Mtu mmoja akitaka kupika kwake anunue fungu la nyanya, vitunguu, mafuta, mkaa au gesi, na nyanya zenyewe nusu zinaoza kwa sababu kesho yake tena amerudi saa mbili usiku amechoka. Sisi tunapika sufuria la watu wanane na bado mgeni akibisha hodi anakula. Chakula cha mtu mmoja kina taabu ileile ya kuwasha moto na kutwanga kitunguu saumu, na mwisho wake unakaa nacho peke yako mbele ya ukuta. Hapo ndipo nilipouona ugumu wenyewe, Mama Rehema. Kupika anajua. Anayemkosa ni wa kumpikia.

Na hili nilithibitisha. Jumamosi hakwenda kazini, nikamwambia leo tunapika. Alfajiri tukaenda Feri, soko la samaki. Mimi niliyekulia Kibirizi nilidhani nimeona mwalo, lakini mnada wa Feri una kelele nyingine. Changu, kolekole, kibua, ngisi, pweza wamelundikwa, jodari mrefu kama mtoto wa darasa la pili, na wanadi wanataja bei kwa kasi mpaka unaogopa kujikuna usije ukauziwa. Mwaju hakuogopa. Alisimama kati ya wanaume, akanyanyua mkono mara moja, akapata changu wazuri kwa bei ambayo mimi nisingeipata. Akawapeleka kwa vijana wa kupara, akasimama juu yao mpaka magamba yote yametoka. Nyuma pale wapo wanaokaanga samaki kwenye makarai makubwa, mafuta yanavuma tangu alfajiri, tukala vipande vya kibua na ndimu hapohapo tumesimama.

Nyumbani akaazima mbuzi ya nazi kwa jirani na jiko la mkaa kwa Mama Nasra. Mimi nikakaa nikaangalia tu. Alikuna nazi zile, tui la kwanza zito akaliweka kando, la pili akalipikia wali. Changu akawapaka ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, akawachoma taratibu, na lile tui zito akalichemsha na viungo na ukwaju mpaka likawa rojo, ndipo akampaka samaki huku yuko juu ya makaa, anapaka, anageuza, anapaka tena. Wali ulipokaribia akaumwagia tui zito lililobaki na kupalia makaa juu ya mfuniko. Hakuna mtu wa Ujiji aliyemfundisha hayo. Amejifunza kwa kukaa kwenye benchi la Mama Nasra na kuuliza. Tulipopakua aliita mlango kwa mlango: yule dada Mhaya, wanafunzi wawili wa chumba cha uani, Nasra na mdogo wake. Ukumbi wa mtu mmoja ulijaa miguu. Ungemwona Mwaju usingemjua. Alikuwa anacheka kile kicheko chake cha shule.

Siku nyingine nilipika mimi. Dagaa niliokwenda nao niliwachambua, nikawaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikawapitisha kikaangoni wakauke, ndipo mawese, kitunguu, nyanya na bilinganya. Sombe nilinunua soko la Buguruni imeshatwangwa, wenyewe wanaita kisamvu, nikaiunga kwa mawese na karanga. Ugali wa muhogo, unga nilitoka nao huku. Mwaju alipofungua mlango usiku ule akasimama hapohapo na mkoba begani, akavuta pumzi. Hakusema kitu mpaka ameramba sahani.

Kula kwa nje tulikula sana, sikufichi. Ijumaa nilimaliza biashara yangu Kariakoo, mawese yote yamekwenda, nikala biriani ya mbuzi, masala yameiva mpaka mafuta yameelea juu. Jioni moja tulikula pweza kwa muuzaji wa pale kituoni, anakatakata vipande vidogo unachoma kwa kijiti, na supu yake kwenye kikombe. Wanaume wamejazana wanainywa kwa sababu zao, mimi nilikunywa kwa utamu. Jumapili Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na mishkaki, upepo mzuri, ile pilipili yao ina ndimu nyingi. Pale Kisutu kuna kuku wa kuchoma ambaye Mwaju aling'ang'ania kunilipia, na bei niliiona, nikanyamaza.

Lakini nirudi kwenye jambo letu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa, uvuvi ukasimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, unakumbuka hali yetu? Mitumbwi imepanda nchi kavu, vichanja vya dagaa vitupu, mimi sina hata cha kuuza. Nani alikuwa anatuma pesa ya unga kila mwisho wa mwezi? Ni huyu anayekula barabarani. Alikuwa anatoa kwenye sahani yake ya 2,500 sisi tukale sufuria zima. Bi Zuhura anajua zilitoka kwa mwanawe, ila hajui yeye mwenyewe alikuwa anashindia nini. Mimi nilimwuliza. Mihogo na chai.

Kwa hiyo naomba jambo la kwanza, na naliomba kwa moyo wote: ukija Ujiji mwezi wa mfunguo, kaa na Bi Zuhura uyaondoe yale maneno. Mimi nimeshamweleza, amefurahi, amelia kidogo, lakini yalitoka kinywani mwako na wewe anakuheshimu kuliko mimi. Akisikia kwako atalala.

Sisemi hakuna la kuhofia. Usiku ambao Mama Nasra ameshafunga, Mwaju hana njia ila chipsi, na usiku kama huo ni mwingi. Kwao kuna presha na sukari, mama yake anameza vidonge kila siku, na yule kijana wa chipsi mafuta yake yana rangi ya chai ya rangi. Nilimwambia Mwaju, akasema anajua, lakini saa tatu usiku mtu ale nini? Swali zuri. Nikalitafakari njia nzima kurudi, toka Dodoma mpaka Uvinza.

Jambo la pili basi ni hili. Mimi niwe namtumia dagaa walioshachambuliwa na kukaangwa kabisa na chumvi kidogo, wakikauka vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko wanakaa wiki nyingi. Akirudi anafungua tu. Wewe Tabora una vitu ambavyo havitaki moto: matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga za kukaanga, asali. Matobolwa na karanga vinamshibisha mtu kabisa, na anaweza hata kubeba kazini. Na nsansa kidogo, ile mboga ya majani makavu, kwa siku za mapumziko, maana alinitajia kwamba hajaonja tangu harusi ya Sikitu. Tupokezane, mwezi wako, mwezi wangu. Parseli za basi si ghali, na Mwaju atazifuata Mbezi. Gesi nimemjazia kabla sijaondoka, usimwambie kwamba nimekuambia.

Kuna jambo lingine nilitaka kukuandikia, la yule mtu wa Gungu, lakini hilo tutaongea uso kwa uso, karatasi haifai.

Huu mfuko anaokuletea kijana wa Mzee Rajabu ni dagaa na migebuka michache ya moshi. Usione ni kidogo. Mwezi mpevu sasa, taa hazivuti kitu majini, wavuvi wako ufukweni wanashona nyavu na bei imepanda. Giza likirudi nitakuongezea. Dagaa hawana mchanga, nilianika mwenyewe juu ya kichanja.

Sasa niambie. Rehema matokeo yake yametoka? Mwembe wa uani mwaka huu umezaa au bado unakusumbua? Asali ya safari hii ni ya masika au ile nyeusi, na ndoo ndogo unaipata kwa kiasi gani, nijue tukigawana inakuwaje? Yule mama wa matobolwa pale sokoni, mwenye mwanya, bado yupo? Mumeo amekubali kwenda kupima macho? Na unakuja lini hasa, kabla ya mfunguo mosi au baada? Nijibu upesi, kijana anarudi Alhamisi, mpe barua yeye na si yule dereva wa siku ile. Ukikubali habari ya kupokezana, mwezi huu naanza mimi.

Ni mimi mwenzako,
Mama Shaa