Mjomba, Hela ya Kumpitisha Shazili Sitatuma

Houston, Juni

Mjomba, shikamoo. Mama mpe shikamoo yangu, na Bibi mwambie juzi nimeota tumekaa naye barazani tunabangua korosho, nikaamka natafuta kisu.

Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Unataka milioni moja na laki tano, kuna mtu hapo mjini kaahidi kumpitisha Shazili jeshini na kifua chake cha pumu kisiangaliwe. Mjomba, hela hiyo sitatuma. Nafasi za jeshi haziuzwi, wenyewe kila mara wanatangaza. Huyo ni tapeli, akishapokea atazima simu. Ila hata angekuwa mkweli nisingetuma. Najua utasema nimeota mapembe. Wewe ndiye uliyetoa korosho zako kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa ili nipate nauli, na hilo sijalisahau hata siku moja. Ndiyo maana leo nakuambia jambo ambalo hata Mama hajui.

Ile picha yangu ya kombati iliyo sebuleni, niliwaambia nilitoka jeshini mkataba ulipoisha. Haukuisha, Mjomba. Mafunzo ya huku ni wiki kumi, na mimi niliishia ya tatu.

Sheria ya jeshi la Marekani ni kwamba aliyekuwa na pumu baada ya kutimiza miaka 13 hapokelewi, labda aombewe ruhusa maalumu na akubaliwe. Mimi mnanijua, nilibanwa hadi kidato cha tatu, na msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ndio usiseme. Kwenye fomu nikaandika sijawahi. Nilitaka uraia upesi, na nilitaka mseme mtoto wa Newala ni askari Marekani.

Kuna siku wanawaingiza kwenye chumba cha moshi wa machozi mkiwa na barakoa, halafu mnaamriwa mzivue. Moshi ule uliponiingia nikakumbuka Bibi anavyochoma korosho uani, yale maganda yanavyotema mafuta na moshi mweusi, na Mama ananikimbiza kwa jirani upande upepo unakotoka. Wenzangu walitoka nje wakikohoa na kupunga mikono, baada ya dakika chache wanacheka. Mimi nilipiga magoti kwenye nyasi. Kutoa pumzi ndiko kulikonishinda, kifua kimejaa hewa na haitoki, kinalia kama filimbi. Nikaona kucha zangu zimebadilika rangi. Yaliyofuata hayana haja ya kuandikwa. Nilirudishwa uraiani, na hawakunionea, nilikuwa nimedanganya mimi.

Sasa nipo vizuri, na hili waambie hata wa msikitini. Naendesha lori la magurudumu 18, leseni niliipata kwa jaribio la kwanza, nimeshafika hadi Georgia. Bati za nyumba ya Mama ni jasho la lori hilo, wala si jeshi. Usiku nikilala kwenye kibanda cha lori ndipo nawakumbuka, nikitamani hata ugali wa muhogo na kisamvu.

Shazili analipenda jeshi tangu 2018, wale askari walipokuja kubeba korosho, serikali ilipotangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Alishinda ghalani akihesabu magunia wanayobeba. Simlaumu. Ila picha yangu nayo imemdanganya, na hilo linaninyima usingizi. Mchakamchaka wa alfajiri, baridi, vumbi, na kijana ana pampu ya pumu kaificha kwenye soksi isionekane! Akizidiwa porini nani atajua ana nini? Akiitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, aende na cheti cha daktari na pampu mkononi, aseme siku ya kwanza. Wataalamu waamue kwa kuujua ukweli.

Hela niliyotuma jana kwa simu ya Somoe ni laki nne. Sehemu ni ya vibarua wa kupuliza salfa. Mwaka huu Shazili asishike mashine ya kupulizia, na siku ya kupuliza asiwepo shambani kabisa, alale kwa Mama Mdogo Masasi. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri, najua, ndiyo maana nimelipia watu. Usiniambie kitambaa puani kinatosha. Mimi nilikifunga miaka yote ile.

Inayobaki ni ya hospitali. Mpeleke Mtwara, hospitali ya Ligula au ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo, apulize kile kipimo cha pumzi. Ile pampu ya bluu anayoitegemea inalegeza misuli ya njia za hewa kwa saa nne hadi sita tu, uvimbe wa ndani unabaki palepale. Aulizie ya steroidi, ya kuvuta kila siku hata akijisikia mzima, na akimaliza asukutue mdomo. Mimi ndiyo ninayotumia, na tangu nianze sijaamka usiku kukaa kitandani kutafuta hewa.

Na mwambie dawa inaishia ulimini kwa sababu anabonyeza na kuvuta vibaya. Achukue chupa ya maji ya nusu lita, tupu na kavu, atoboe kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, aichomeke ibane. Atikise pampu, abonyeze mara moja, kisha avute taratibu kwa mdomo wa chupa, mara nne au tano. Ndipo abonyeze tena.

Ukishamsomea Mama barua hii, ile picha ishusheni. Nimempa Somoe nyingine, nimesimama mbele ya lori. Ukikasirika nipigie, Jumapili sina safari, nitapokea.

Ni mimi mpwa wako,
Issa