Mama na saa 15 angani

Mwanaisha shoga yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo? Watoto wazima? Sisi huku twashukuru Mungu, baridi tu ndiyo imeanza kututafuna. Nimenyamaza siku nyingi na leo nakuja na shida, unipokee hivyo hivyo.

Mama anakuja Desemba kumwona mjukuu. Nafurahi hadi natetemeka, lakini safari yenyewe yaninyima usingizi. Mtoto wa kaka kamsomea tiketi: kuondoka Nairobi karibu saa sita usiku, kufika New York kama saa moja asubuhi. Basi kashapiga hesabu zake, ni saa 7, sawa na basi la usiku la Nairobi, atajifunika leso alale mpaka afike. Nikimwambia ni saa 15, anijibu mbona karatasi haisemi hivyo! Hiyo saa moja asubuhi ni ya huku. Kwenu itakuwa saa tisa alasiri.

Ni karibu kilomita 11,800 bila kutua popote, na ndege yaelekea magharibi, yaani yalikimbia jua. Nilipokuja mimi nilifungua dirisha mara ngapi sijui, nje giza lile lile. Sasa mtu wa umri wake, na miguu ile inayovimba hata akikaa arusini, akiamini ni usiku mmoja wa kawaida hatainuka hata mara moja. Damu ikiganda mguuni je? Astaghfirullah, sitaki hata kuiandika.

Kaka naye ashikilia apitie Doha, nauli nafuu. Pesa naielewa. Lakini Doha ni kurudi mashariki kwanza, kisha toka hapo ni kama saa 14 nyingine, na katikati magoti yale yatembezwe uwanja mzima akitafuta mlango wa ndege. Sikubali.

Sasa ombi langu. Asipande treni ya kuja Nairobi siku ile ile ya ndege. Aje siku moja kabla, alale kwako. Umweleze wewe, kwako husikiza. Mwambie aamke atembee, anywe maji, soksi za kubana azivae kabla ya kupanda. Kiti nimemchukulia cha kando ya njia. Dawa ziwe mkobani, zisiingie kwenye sanduku. Na ameniuliza Alfajiri ataisali saa ngapi: mwambie asitazame saa yake, mapambazuko yatawafuata kwa nyuma wakikaribia kufika.

Kurudi ni nafuu kidogo, upepo wa juu huisukuma ndege, kama saa 14. Hiyo tutaisema baadaye.

Wewe ndiye wa duka la dawa, niambie: ya presha humeza saa mbili usiku, na saa mbili ya kwenu huku ni saa sita mchana. Aendelee na saa za Nairobi au asogeze kidogo kidogo? Soksi zile mnazo za saizi yake? Mumeo atakuwepo ampeleke uwanjani? Na kiti cha magurudumu, waweza kuwapigia watu wa ndege mapema ukamwombea? Nijibu upesi, tafadhali.

Wako,
Zuhura