Shukrani kwa fundi uliyeshusha mifereji ya kunawia mikono

Ewe fundi wa kuchomelea, jina hukutuachia, lakini kazi yako pale Kongowea, Mombasa, wakati wa korona tuliiona na hatujaisahau. Ahsante sana.

Mitungi mingi ya kunawia ya 2020 ilikuwa ya kukanyaga: pedeli moja ya maji, nyingine ya sabuni. Iliwaepusha watu kushika mfereji, ndiyo, ila mwenye kiti cha magurudumu au magongo angeikanyagaje? Wewe ulichomelea wenzo wa kusukuma kwa kiwiko, ukashusha mfereji hadi sentimita 80 kutoka chini, ukaondoa chuma cha mbele ili magoti yaingie. Beseni lisilo na nafasi ya magoti humlazimu mtu kuinama kwa upande, maji yakamwagikia mapajani.

Kubwa zaidi ni ile ndoo ya maji ya sabuni na vitambaa safi ulivyoweka kando. Anayesukuma kiti kwa mikono hushika ringi zilizo ubavuni mwa magurudumu. Akinawa kisha akazishika zikiwa chafu, amerudi palepale. Kwa hivyo ringi kwanza, mikono baadaye, kama ulivyokuwa ukiwaeleza watu kwa upole. Na ulifanya vyema kukataa klorini kali: hula chuma, na kutu hukwaruza viganja. Fimbo nyeupe ya asiyeona nayo hupanguswa mpini.

Wenzetu wasioona waliufikia mfereji kwa ile kamba uliyoifunga tangu njiani. Mungu akuzidishie, ndugu yetu.