Shoga, lete hiyo kamera Sabaki

Shoga yangu,

Voisi yako nimeipata, nimeirudia manake upepo wa huko Lamu ulikuwa unapiga kelele kukushinda wewe. Ati wataka picha za uwindaji alfajiri. Uwindaji gani tena mamangu, Kenya hii kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977, labda ushuke Tanzania ukafuatane na wenye vibali. Lakini kama shida yako ni kuona windo tu, njoo Malindi, wawindaji wetu wana manyoya na hawaulizwi leseni.

Twende pale mto Sabaki unapoingilia baharini. Tunashuka na boda mpaka darajani, barabara ya Mambrui, halafu twatembea kufuata mto, na tutachukua kijana wa pale atuongoze kwa sababu kuna viboko na mimi na kiboko gizani hatuna mazungumzo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana kushinda siku zingine, ndio nzuri, maji yanajaa usiku, alfajiri yanaanza kutoka, tope linabaki wazi na ndege wote wanashuka kula.

Sasa mwanga. Huku kwetu jua linapanda wima, likishachomoza kwenye saa 12 na kitu, ukifika saa 1 na nusu ile rangi ya dhahabu ishakwisha. Kwa hiyo uwe ushakaa chini kabla halijatoka. Na usielekee baharini kama wageni, jua linatokea huko huko, utapata vivuli vyeusi tu (kimoja kizuri sawa, vyote hapana), wewe ipe bahari mgongo uangalie bara.

Ninayempenda ni yangeyange, yule ndege mweupe. Miguu myeusi, vidole vya manjano kama kavaa soksi, anaingiza mguu mmoja topeni anautetemesha taratibu ili vidagaa na kamba watoke mafichoni, kisha ghafla anatulia, shingo inarudi nyuma, na hapo ndipo ubonyeze, usingoje mpaka samaki awe mdomoni, picha ya samaki mdomoni kila mtu anayo. Shata, ile kasi ya kamera kufunga, isiteremke chini ya 1/1000 ya sekunde, ikibidi panda ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 3200, chenga chenga kidogo zavumilika lakini mdomo uliofifia hauna dawa. Halafu punguza mwanga kwenye kamera, weka -1 hivi, manake tope ni jeusi, kamera yafikiri kuko giza inaongeza yenyewe na ule weupe wote unaungua, huoni hata unyoya.

Usimkimbilie ndege tafadhali, akiruka huyo na wenzake wote wanaruka, tutabaki twaangalia tope.

Lenzi yangu ya 400mm, ile ya kuvuta mbali, tutapokezana. Wewe beba betri ya ziada, na viatu usivyovionea huruma. Nijibu kabla ya Ijumaa nimwambie mtu wa boda, yule hapendi kuamshwa saa 10 bila taarifa.

Wako wa Malindi