Amesema, kisha akatukataza kusema: tufanyeje?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wajumbe watatu wa kamati ya usalama na afya mahali pa kazi. Wawili tumechaguliwa na wafanyakazi, mmoja ameteuliwa na mwajiri. Kampuni yetu inapokea simu za wateja usiku na mchana. Tunaomba ushauri wako, na wa wasomaji waliowahi kushika mafaili ya aina hii, juu ya jambo moja: mfanyakazi akieleza kwamba ananyanyaswa na bosi wake, kisha akaweka sharti kwamba habari isifike popote, mwajiri ambaye sasa keshajua afanye nini? Mambo madogo madogo tumeyabadili ili wahusika wasitambulike. Kiini hatujakigusa.

Kitengo chenyewe kina watu 14 na msimamizi mmoja wa zamu. Huyo ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayeidhinisha ruhusa na saa za ziada, na ndiye anayesikiliza simu zilizorekodiwa na kuzipa alama. Alama hizo ndizo zinazoamua mkataba wa nani utahuishwa. Madaraka yote hayo yako kwenye kalamu ya mtu mmoja, na kwa maoni yetu hatari ilianzia hapo, hata kabla ya kuzungumzia tabia za mtu yeyote.

Dada aliyekuja kwetu anatumiwa ujumbe saa tano, saa sita usiku. Unaanza na habari za kazi, unaishia kwa kuulizwa kama yuko peke yake. Asubuhi akifungua simu, ujumbe haupo. Kimebaki kile kimstari kinachosema umefutwa. Kazini, akiwa katikati ya mazungumzo na mteja, msimamizi huja kusimama nyuma ya kiti chake, mkono kwenye egemeo, vidole vikimgusa bega. Anajua vizuri anachofanya: mwenye hedifoni na mteja sikioni hawezi kugeuka wala kufoka, maana simu inarekodiwa na akinyamaza anakatwa alama. Alipokataa mwaliko wa kutoka naye, ratiba iliyofuata ilimpanga usiku wiki tano mfululizo, ilhali utaratibu wa kitengo ni wiki moja ya usiku katika kila nne.

Wengine wawili wa kitengo hicho hicho wametueleza mambo yanayofanana sana na hayo, kila mmoja kwa wakati wake, bila kujua kwamba mwenzake amesema. Mmoja ameshaacha kazi. Aliyebaki naye hataki kuandika.

Sharti la dada huyu ni hili: msiandike, msimwite, msimwambie mtu, mkataba wangu unaisha robo hii. Hatuwezi kumlaumu. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) pamoja na Lloyd's Register Foundation na Gallup, uliochapishwa mwaka 2022 baada ya kuhoji karibu watu 75,000 katika nchi 121, ulikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walio kazini amepitia angalau aina moja ya ukatili au unyanyasaji. Karibu nusu ya hao hawakumwambia mtu yeyote. Sababu zilizotajwa zaidi ni kwamba kusema ni kupoteza muda, na hofu ya jina kuchafuka. Kwa hiyo aliyefungua mdomo, hata kwa masharti, amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tukiliharibu hili, wa pili hatokei.

Kinachotubana zaidi ni fomu yetu ya kupokea maelezo. Juu kabisa imeandikwa kwamba maelezo yatabaki siri. Sentensi hiyo haikupaswa kuwepo, kwa sababu hakuna mwajiri anayeweza kuitimiza. Lugha sahihi ni kwamba habari itafika kwa wale tu wanaohitaji kuijua ili hatua zichukuliwe, na kwamba kukiwa na hatari kwa mtu mwingine kampuni inaweza kulazimika kuchukua hatua hata mhusika asipotaka. Hayo husemwa kabla mtu hajaanza kueleza. Yakisemwa baada, ni kumgeuka. Fomu tunairekebisha, lakini yeye alizungumza chini ya ahadi ile ya zamani.

Tulilipeleka suala kwa uongozi kama swali la jumla, bila jina wala kitengo, tukapata majibu matatu. La kwanza: hakuna barua, hakuna kesi. Hili hatulikubali. Habari ikishamfikia mtu ambaye kazi yake ni kuipokea, kampuni imejua; karatasi inaitunza habari, haiizai. La pili: anayelalamika ahamishiwe kitengo kingine. Linasikika la huruma, ila ukilifuatilia ni adhabu. Anapoteza saa za ziada na watu aliowazoea, wenzake wanaanza kuulizana kulikoni, na msimamizi anabaki na watu 13 ambao wameshajifunza kwamba anayesema ndiye anayeondoka. Kama kuna wa kusogezwa wakati mambo yanachunguzwa, ni anayelalamikiwa, kwa mshahara kamili na kwa barua inayosema wazi kwamba hiyo si adhabu. Jibu la tatu, lile la wazee wa busara, ni kuwakutanisha wayamalize. Usuluhishi unafaa kwa watu waliogombania dawati. Hauwezi kuwa suluhu pale ambapo mmoja ana alama za mwenzake mfukoni. Atakayeomba radhi mwishoni tunamjua.

Tumejaribu kupata msingi kwenye hati za kimataifa. Mkataba Na. 190 wa ILO, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulipitishwa Juni 2019 na ukaanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Unazifunga nchi zilizouridhia tu, lakini kama kipimo cha mwenendo mwema yeyote anaweza kuutumia. Umetusaidia kwa mengi. Unahesabu tendo hata likitokea mara moja. Unahesabu madhara ya kiuchumi sawa na ya mwili, ya akili na ya kingono, hivyo ratiba ya kukomoa imo ndani. Unafuata mawasiliano yanayohusiana na kazi popote yanapomkuta mtu, kwa hiyo ujumbe wa saa sita usiku hauwezi kuitwa mambo yao binafsi. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri, kwa kadiri inavyowezekana, atambue hatari na kuzitathmini akiwashirikisha wafanyakazi. Hakimwambii asubiri barua.

Penye swali letu hasa, hata hivyo, hati zinatuacha njiani. Pendekezo Na. 206 linalofuatana na mkataba huo, aya ya 7, linataka sera ya kampuni ilinde faragha na usiri wa wahusika, huku ikipima pia haki ya wafanyakazi kujulishwa hatari zote. Mizani imewekwa mezani. Upande upi uwe mzito haikusemwa.

Kauli iliyokaribia zaidi tuliyoipata ni ya mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao yake New York, Marekani, mwaka 1997. Mfanyakazi alikuwa amemweleza mkubwa wake wa kazi habari ya kunyanyaswa, akamsihi asiipeleke mbele, naye akanyamaza. Mahakama haikumwona mkubwa huyo kuwa na kosa kwa kuheshimu ombi lile. Lakini iliongeza mambo mawili: kwamba kuna unyanyasaji mzito kiasi kwamba mwenye busara hawezi kukaa kimya hata akisihiwa, na kwamba mtu mmoja akiwa ananyanyasa wafanyakazi kadhaa, wajibu wa mwajiri kwa hao wengine unatangulia ombi la mmoja. Je, watatu ni kadhaa, wakati mmoja keshaondoka na wawili hawataki kutajwa? Na vidole begani pamoja na wiki tano za usiku ni uzito wa kiasi gani? Kati yetu watatu, wawili wanaona mpaka umeshavukwa. Mmoja hana hakika.

Tunachoweza kufanya kesho asubuhi bila kumtaja mtu ni kuigawa ile kalamu. Ratiba ipangwe kwa mzunguko unaobandikwa ukutani, na badiliko lolote liwe na sababu iliyoandikwa na sahihi ya mtu wa pili. Alama za simu zitolewe na msimamizi wa kitengo kingine. Ujumbe wa kazi upite kwenye kundi rasmi tu na ukome zamu inapokwisha, isipokuwa kwa dharura zilizotajwa. Anayesikiliza simu za wenzake asikilize kwenye mtambo, asisimame nyuma ya kiti. Wanaofanya kazi za usalama wanaujua mpangilio huu: hatari huondolewa kwenye chanzo kabla ya kumgawia mtu kofia ngumu. Hayo yote lazima yaanze siku moja katika vitengo vyote, la sivyo kitengo kimoja kikibadilishiwa utaratibu, msimamizi hatahitaji dakika mbili kujua nani alizungumza.

Udhaifu wa njia hii tunauona. Inapunguza nafasi ya kukomoa lakini haimgusi mwenye tabia, wala haiachi chochote kwenye faili lake. Akihamia kwingine, anahama safi.

Kuna pia makaratasi ambayo hayahitaji shahidi: ratiba za mwaka mzima, maombi ya kuhama, siku za ugonjwa, ruhusa zilizokataliwa, majibu ya wanaoacha kazi. Ukizipanga kwa jina la msimamizi badala ya jina la mfanyakazi, mchoro unajitokeza wenyewe. Mtego ni uleule. Mkaguzi akiuliza juu ya zile wiki tano peke yake, siri imekwisha. Inabidi akague kila kitengo na aulize maswali yaleyale kwa kila badiliko. Dodoso lisilo na majina tunalifikiria kwa tahadhari zaidi. Katika kundi la watu 14, ukiuliza umri, jinsia na miaka ya kazi, umeshaandika jina la mtu. Likifanyika, libebe maswali machache, vitengo vichanganywe, na matokeo ya kundi lenye watu chini ya 10 yasitolewe peke yake.

Yeye mwenyewe tumemwelekeza jinsi ya kutunza ushahidi ili uamuzi ubaki mkononi mwake. Aandike siku ileile: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe yalivyosemwa, nani alikuwepo, na yeye alifanya nini baadaye. Aandike kwenye daftari lake nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo inaweza kufungwa siku atakayofungiwa mlango. Picha ya skrini ichukuliwe kabla ujumbe haujafutwa, nzima, namba na tarehe vikionekana, bila kukata pembeni. Kila ratiba mpya aipige picha. Kuhusu kurekodi sauti kwa siri, tumemwambia asithubutu kabla ya kumwuliza mwanasheria, kwa kuwa sheria zinatofautiana na kosa linaweza kumgeukia. Tumempa pia njia ya kupata ushauri nasaha nje ya kampuni, kwa mtu asiyeripoti kwa mwajiri.

Msimamizi naye tusimsahau. Ana haki ya kupewa tuhuma kwa maandishi, muda wa kutosha wa kujibu, na mtu wa kumsindikiza. Uchunguzi wa ndani ya kampuni haudai uhakika wa kesi ya jinai. Unapima maelezo ya upande upi yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Lakini hata kipimo hicho kinataka siku, mahali na maneno. Huwezi kumwita mtu ukamwambia "kuna watu wanalalamika" kisha ukategemea ajibu. Atakana, naye atakuwa na haki ya kukana, na akirudi zamu jioni ile ataanza kutafuta ni nani.

Kwa hiyo tunauliza. Mkataba wa dada huyu ukihuishwa na mtu mwingine asiye msimamizi wake, kabla ya hatua yoyote nyingine, je, inatosha kumwondolea hofu ili tumrudie tena na ombi la kuandika, au itaonekana tunamnunua? Kama tutalazimika kwenda mbele bila ridhaa yake, tumpe taarifa siku ngapi kabla, na tumpe nini mkononi: barua ya ulinzi dhidi ya kulipiziwa, likizo yenye malipo, au vyote viwili? Mwenzake aliyeacha kazi hana tena mkataba wa kuogopea. Ni halali kumfuata nyumbani na kumwomba awe mlalamikaji wa kwanza, au huko ni kumtwisha mzigo aliokwisha kuutua? Na kwa waliowahi kugawa madaraka ya msimamizi kwa njia ya "mabadiliko ya jumla": tabia ilikoma, au ilijificha tu?

Ratiba ya mwezi ujao itabandikwa tarehe 25, na bado inapangwa na yeye. Tungeshukuru kupata jibu kabla ya siku hiyo.

Wajumbe wa kamati ya usalama na afya kazini
(Majina tumeyahifadhi)