Mbegu za mbambakofi

Dama shoga yangu,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje na mguu? Sisi wazima, mtoto kashaota meno mawili. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Kadzo, lakini leo nina haja nawe.

Unakikumbuka kile kichaka nyuma ya maktaba ya chuo, tulikokuwa tukikimbilia kivuli wakati wa mitihani? Wiki tatu zilizopita nimefika kazini nakuta nusu yake imefyekwa. Eti wameambiwa wasafishe. Kusafisha! Msandarusi ule mkubwa uko chini, utomvu unachuruzika kwenye gogo, rangi ya asali. Nilisimama pale machozi yananilenga.

Na walichoacha ni mikilifi, yaani miarobaini, kwa kuwa ni dawa. Sikatai, hata mimi nimekunywa majani yake. Lakini pamoja na jina hilo, mkilifi asili yake ni Bara Hindi, na ndege wakishakula matunda wanadondosha kokwa kila mahali. Chini ya mikilifi mitano tu nimeng'oa miche mpaka vidole vikaniuma, na kesho yake nimekuta mingine.

Nimekwenda kwa mkubwa wetu. Nimemwambia asipande kitu, azuie mafyekeo tu, kwa sababu visiki mizizi yake i hai. Nikampeleka akaone kisiki cha mrihi: vijani vipya vimetoka, vyekundu kama vimetiwa hina. Akavishika. Amekubali tuzungushie kamba upande mmoja mpaka mvua za masika. Upande wa pili ukoka umeshaagizwa, na hilo bado linaniuma, Dama. Ukoka utamwagiliwa kila siku. Kichaka kile hakijawahi kuomba hata ndoo moja.

Sasa haja yangu. Mbambakofi hatuna hata kisiki, lazima tuanze na mbegu. Ule wa shambani kwa baba yako kule Ribe bado upo? Nataka mbegu zile nyeusi zenye kofia nyekundu, zilizodondoka zenyewe. Za shambani tu, si za kayani, ule msitu mtakatifu wa wazee wetu Wamijikenda; kule hata ukuni mkavu hautolewi, na ndiyo maana msitu umesimama hadi leo. Kaya ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wakizilinda tangu enzi na enzi. Mimi nikitaka kujua chuo chetu kilikuwaje kabla ya majengo, huenda kutazama kaya.

Ganda la mbegu hizo ni gumu, nitazikwaruza kidogo na kuzilaza majini kabla ya kuzitia kitaluni. Wanafunzi wanne wamejitolea, mmoja ni yule mdogo wake Kazungu, mkaidi kama kakake.

Je, baba atakubali, au nije nimwombe mwenyewe? Maganda yameshapasuka? Matatu ya asubuhi bado inafika hadi kwenu? Jumamosi utakuwepo? Na ile sufuria yangu, Dama, unayo wewe au iko kwa Kadzo?

Wako,
Mwaka